Makhan Singh: Alidai saa nane za kazi, akalipwa kifungo

KILA ifikapo Mei Mosi, wafanyakazi wa nchi za Afrika Mashariki huingia barabarani na mabango. Wapo wanaodai nyongeza ya mshahara, wapo wanaodai malimbikizo, na wapo wanaodai mikataba ya kazi. Lakini ukimsimamisha mmoja wao na kumwuliza ni nani waliotangulia kuwaita mafundi, makuli na madereva wa eneo letu waingie katika chama kimoja bila kujali rangi zao, huenda asiwe na jibu.

Mmoja wa watu hao, na pengine aliyelipa gharama kubwa kuliko wengi, ni Makhan Singh, mpiga chapa wa mjini Nairobi. Amefariki zaidi ya miaka 50 iliyopita. Katika maisha yake ya miaka 59, karibu miaka 16 aliimaliza kifungoni na kizuizini. Hakuna hata siku moja kati ya hizo iliyotokana na wizi, ugomvi au kumwaga damu ya mtu.

Msomaji wa hapa Burundi anaweza kujiuliza habari za Mhindi wa Nairobi zinatuhusu nini. Zinatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, babu zetu walikuwa sehemu ya jeshi la vibarua lililojenga utajiri wa eneo hili. Walikimbia kodi, kazi za lazima na kiboko cha Mbelgiji, wakaenda Uganda na Tanganyika kulima pamba na kahawa na kukata mkonge. Wazee wetu wanalikumbuka vizuri neno manamba.

Pili, Makhan Singh aliambiwa mara nyingi kwamba yeye si mwenyeji, afunge mizigo arudi kwao. Wengi wetu tuliokulia uhamishoni tunaifahamu kauli hiyo. Namna alivyoijibu, kwa vitendo, ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mtoto wa seremala wa reli

Makhan Singh alizaliwa Desemba 27, 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, jimbo la Punjab. Wakati huo Punjab ilikuwa sehemu ya India iliyotawaliwa na Uingereza. Leo kijiji hicho kiko Pakistan.

Baba yake, Sudh Singh, alikuwa seremala. Mwaka 1920 alivuka bahari kwenda Kenya kutafuta kazi katika reli. Hii ndiyo reli iliyojengwa kutoka Mombasa hadi ukingo wa Ziwa Victoria kati ya mwaka 1896 na 1901, kwa jasho la vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India. Takriban 2,500 kati yao walifia kazini kwa maradhi na ajali. Ilipokamilika, wengi wa waliosalia walirudi makwao, na wachache wakabaki.

Sudh Singh hakuwa mtu wa kunyamaza. Mwaka 1922 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha mafundi wa reli. Chama hicho hakikudumu, lakini mbegu ilikuwa imeshaanguka nyumbani kwake. Baadaye aliiacha reli akafungua kiwanda kidogo cha kupiga chapa mjini Nairobi, kilichoitwa Khalsa.

Mwaka 1927, Makhan Singh akiwa na umri wa miaka 13, yeye na mama yake walimfuata baba Nairobi. Aliingia shule ya sekondari ya serikali kwa ajili ya watoto wa Kihindi, ambayo leo inaitwa Jamhuri. Mwaka 1931 alifaulu mtihani wa kujiunga na Chuo Kikuu cha London. Alikuwa hodari wa hesabu, lakini familia haikuwa na fedha za kumpeleka mbele. Basi kijana akavua sare ya shule na kuingia kiwandani kwa baba yake.

Kazi ya kupiga chapa ilimfundisha mambo mawili yaliyomsaidia maisha yake yote. Ilimfundisha kwamba karatasi moja iliyoandikwa vizuri inaweza kuwafikia watu elfu moja. Ikamfundisha pia kutunza kumbukumbu. Kila barua, kila stakabadhi na kila muhtasari wa mkutano aliuweka. Nyaraka zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na bila hizo historia ya wafanyakazi wa Kenya ingekuwa na mapengo mengi.

Kazi moja, mishahara mitatu

Ili kumwelewa Makhan Singh ni lazima kuielewa Kenya ya wakati ule. Ilikuwa nchi ya ngazi tatu. Juu alikaa Mzungu, katikati Mhindi, na chini kabisa Mwafrika. Ngazi hiyo ilionekana katika shule, hospitali na makazi, na ilionekana zaidi siku ya mshahara.

Mwafrika alibanwa kuliko wote. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na kuendelea alilazimika kubeba kipande. Ilikuwa karatasi iliyotiwa ndani ya kikebe cha bati na mara nyingi kuvaliwa shingoni. Humo liliandikwa jina la mwajiri wake na mshahara wake. Kama mwajiri hakutia sahihi ya kumwachia, mfanyakazi huyo hakuweza kwenda kutafuta kazi kwingine, na akitoroka alisakwa na polisi kama mhalifu. Mtu aliyefungwa namna hiyo atajadiliana vipi juu ya mshahara?

Fundi wa Kihindi naye, ingawa alilipwa zaidi ya Mwafrika, alikuwa chini ya huruma ya tajiri wake. Mara nyingi tajiri huyo alikuwa Mhindi mwenzake, wa dini yake na lugha yake. Saa za kazi zilikuwa ni zile alizotaka tajiri. Fundi akilalamika aliambiwa ashukuru kwamba hajashushwa hadi mshahara wa Mwafrika, na Mwafrika akilalamika alionyeshwa Mhindi kuwa ndiye anayemzibia njia. Kila mmoja alimtazama mwenzake kwa jicho baya, na mwenye fedha akalala usingizi.

Mwaka 1934 wafanyakazi wa Kihindi mjini Nairobi walianzisha chama chao kilichoitwa Indian Trade Union. Machi 1935 walimchagua Makhan Singh kuwa katibu. Alikuwa na miaka 21. Wiki chache tu baada ya kushika kazi hiyo, chama kilibadilisha jina na kuwa Labour Trade Union of Kenya, na mlango ukafunguliwa kwa mfanyakazi yeyote bila kujali rangi, dini wala kabila. Vipeperushi vikaanza kutoka kwa Kipunjabi, Kigujarati, Kiurdu, Kiingereza na Kiswahili.

Tusiongeze chumvi. Waafrika hawakumiminika katika chama hicho siku hiyo hiyo. Kwa miaka kadhaa wengi wa wanachama waliendelea kuwa mafundi wa Kihindi, na vibarua wa mashamba ya walowezi, ambao walikuwa wengi kuliko wafanyakazi wa mijini, chama hakikuweza kuwafikia. Hata hivyo, katika nchi iliyotenga hata vyoo kwa rangi, katiba ya chama iliyomwita kila mfanyakazi ndani ilikuwa jambo jipya, na watawala walilitambua hivyo.

Saa nane na mgomo wa siku 62

Dai kubwa la kwanza la chama lilikuwa ni saa nane za kazi kwa siku. Dai hilo halikuwa geni duniani. Wafanyakazi wa Chicago waligoma kwa ajili yake mwaka 1886, na kutokana na damu iliyomwagika huko ndiyo tukapata Mei Mosi. Mwaka 1919, Shirika la Kazi Duniani lilipoundwa, mkataba wake wa kwanza kabisa ulihusu saa nane za kazi viwandani. Lakini sheria za Geneva zilikuwa mbali sana na karakana za Nairobi.

Chama kiliwapa waajiri taarifa kwamba kuanzia Oktoba 1, 1936 siku ya kazi iwe ya saa nane. Mikutano ikafanyika, vipeperushi vikasambazwa, na waajiri wengi wakakubali.

Huenda mtu akaona kwamba kupunguza saa ni jambo dogo kuliko kuongeza mshahara. Mimi ni mwalimu, kwa hiyo tufanye hesabu. Chukua fundi anayelipwa shilingi mbili kwa siku ya saa 10. Kila saa ya jasho lake ina thamani ya senti 20. Akilipwa shilingi zile zile mbili kwa saa nane, kila saa inakuwa na thamani ya senti 25. Bila tajiri kuongeza hata senti moja katika bahasha, bei ya saa moja ya fundi imepanda kwa robo. Na zile saa mbili alizorudishiwa anaweza kuzitumia kulea watoto, kusoma, kulala au kuhudhuria mkutano wa chama.

Waajiri nao walijua kupiga hesabu hiyo. Mwaka 1937 chama kilipodai nyongeza ya mshahara, baadhi yao walikataa kabisa. Aprili mwaka huo mgomo ukaanza Nairobi, ukadumu siku 62. Miezi miwili bila mshahara si mchezo kwa mtu anayepanga chumba na kununua unga kwa mkopo. Mwisho wake waajiri walisalimu amri. Mishahara ilipanda kwa kati ya asilimia 15 na 22, saa nane zikathibitishwa, na wagomaji wote wakarudishwa kazini.

Habari zilivuka mpaka. Wafanyakazi wa Uganda nao wakajiunga, wanachama wakafikia 2,500, na chama kikachukua jina la Labour Trade Union of East Africa. Mwaka huo huo serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuandikisha vyama vya wafanyakazi. Makhan Singh alikiandikisha chama chake bila kusita, kwa sababu alitaka kazi yake ifanyike mchana kweupe.

Viongozi wa siasa wa Kiafrika walianza kusogea karibu. Jesse Kariuki wa Kikuyu Central Association alikuwa mmoja wao. Na katikati ya mwaka 1939 mji wa Mombasa ulisimama. Maelfu ya wafanyakazi, wakiwemo makuli wa bandarini, waligoma wakidai mishahara na posho ya nyumba. Serikali iliunda tume ya kuchunguza chanzo cha mgomo, na Makhan Singh alikwenda mbele ya tume hiyo kutoa ushahidi. Ujumbe wake ulikuwa mwepesi kueleweka. Watu waligoma kwa sababu mshahara hautoshi kula na kulipa pango, na hakukuwa na haja ya kumtafuta mchochezi.

Kufungwa India, kurudi Nairobi

Mwishoni mwa mwaka 1939 alisafiri kwenda India. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeanza, na Uingereza haikutaka kusikia habari za migomo popote katika himaya yake. Mei 1940 alikamatwa huko na kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Alitoka Januari 1945, na hata hapo alizuiwa kwa muda asitoke kijijini kwake. Alipoachiwa kabisa alifanya kazi katika gazeti la wakomunisti mjini Lahore.

Agosti 1947 India iligawanywa, ikazaliwa Pakistan. Punjab ilikatwa vipande viwili, mamilioni ya watu wakayakimbia makazi yao, na wengi mno wakauawa. Kijiji alichozaliwa Makhan Singh kiliangukia upande ambao Kalasinga hakuweza tena kuishi kwa amani. Katika mwezi huo huo yeye alishuka Kenya.

Mara serikali ya Kenya ikamtaka aondoke nchini. Ilimwona mtu wa hatari na ikadai hana haki ya kuwepo. Hapo ndipo swali linapokuja. Aliambiwa arudi kwao, lakini kwao wapi? Kijiji kilikuwa kimekwenda na mpaka mpya. Kenya aliingia akiwa mtoto, akasomea huko, akafanya kazi huko, na baba yake alikuwa ameipa nchi hiyo jasho lake. Alikataa kuondoka. Alipelekwa mahakamani zaidi ya mara moja, na serikali pamoja na nguvu zake zote ilishindwa kumpakia melini.

Hakupambana ili abaki tu. Alibaki akafanya kazi ile ile iliyowafanya watake kumfukuza. Januari 1947, kabla hajarudi, wafanyakazi wapatao 15,000 walikuwa wamegoma Mombasa, wakaunda shirikisho lao likiongozwa na Chege Kibachia. Agosti mwaka huo Kibachia alikamatwa na kupelekwa kizuizini mbali na watu wake. Alipokamatwa kiongozi mmoja, ilibidi mwingine aishike kazi.

Mei 1, 1949 vyama kadhaa vya wafanyakazi viliungana na kuunda East African Trade Union Congress, yaani EATUC. Mwenyekiti alikuwa Fred Kubai, kijana wa Kikuyu aliyewaongoza madereva, na katibu mkuu alikuwa Makhan Singh. Ilikuwa mara ya kwanza Kenya kuwa na jumuiya ya vyama vya wafanyakazi inayoongozwa na Mwafrika na Mhindi wakiwa bega kwa bega. Serikali ilikataa kuiandikisha.

Mei 1950

Aprili 23, 1950 watu walijaa katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, kwenye mkutano wa pamoja wa Kenya African Union na chama cha kisiasa cha Wahindi. Makhan Singh alisimama na kutaka azimio la mkutano liseme waziwazi kwamba nchi za Afrika Mashariki zinadai uhuru kamili. Wakati huo wanasiasa wengi walikuwa bado wanaomba viti vya ziada katika baraza la kutunga sheria. Wanahistoria wanamhesabu miongoni mwa watu wa kwanza kulitamka dai hilo hadharani nchini Kenya.

Wiki tatu baadaye, Mei 15, yeye na Kubai walikamatwa. Kesho yake Nairobi iligoma. Wafanyakazi walidai viongozi waachiwe, Kibachia naye aachiwe, kima cha chini cha mshahara kiwe shilingi 100 kwa mwezi, na Afrika Mashariki ipewe uhuru. Serikali ilitoa magari ya deraya, ndege na mabomu ya machozi. Mgomo ulidumu siku tisa na kuenea katika miji mingine. Inakadiriwa kuwa wafanyakazi wapatao 100,000 walishiriki kwa nyakati mbalimbali.

Shauri la kumwekea Makhan Singh kizuizi lilisikilizwa Nyeri, mbali na wagomaji wa Nairobi. Jaji alikuwa Ransley Thacker, yule yule ambaye baadaye alimhukumu Jomo Kenyatta na wenzake watano kule Kapenguria, Kubai akiwa mmoja wao. Makhan Singh hakuficha kwamba yeye ni mkomunisti, wala hakuficha kwamba haitambui haki ya Uingereza kuitawala Kenya. Alijua majibu hayo yatamfikisha wapi.

Yalimfikisha Lokitaung, katika jangwa la kaskazini karibu na Ziwa Turkana. Kutoka hapo alihamishiwa Maralal, kisha Dol Dol. Alikaa zaidi ya miaka 11. Mkewe, Satwant Kaur, alibaki kulea watoto watatu pamoja na wakwe zake, kwa kipato cha kiwanda cha kupiga chapa.

Kilichofanya kizuizi hiki kiwe cha pekee ni kwamba ufunguo alikuwa nao mwenyewe. Serikali ilikuwa tayari kumwachia wakati wowote iwapo angekubali kuondoka Kenya moja kwa moja. Alikataa. Alikaa jangwani kuanzia Juni 1950 hadi Oktoba 1961, tangu kabla ya Mau Mau mpaka karibu na uhuru, kwa sababu hakukubali kuitwa mgeni katika nchi aliyoitumikia.

Uhuru ulipofika

Alipotoka alipokelewa na umati wa wafanyakazi. Alijiunga na KANU na kurudi katika shughuli za vyama. Kenya ikapata uhuru Desemba 12, 1963. Wengi walitarajia kwamba mtu wa namna yake angepewa kazi ya maana katika serikali mpya. Hakupewa.

Dunia ilikuwa imebadilika akiwa jangwani. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa chini ya Tom Mboya, mtu mwenye kipaji kikubwa, lakini aliyefuata njia nyingine na aliyeungwa mkono na vyama vya Marekani na nchi za Magharibi. Katika siku zile za vita baridi mkomunisti hakukaribishwa mezani. Mwaka 1965 serikali ilivunja mashirikisho yaliyokuwa yanavutana na kuunda moja, COTU, ambalo katibu mkuu wake aliidhinishwa na Rais. Ile jumuiya huru ambayo Makhan Singh alifungwa kwa ajili yake haikuwa hii.

Hakulalamika magazetini wala hakuunda kundi la upinzani. Alirudi kwenye makaratasi yake. Mwaka 1969 alitoa kitabu kikubwa cha historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya hadi mwaka 1952. Sehemu ya pili ilichapishwa mwaka 1980, yeye akiwa kaburini. Alifariki Nairobi Mei 18, 1973.

Sisi tunajifunza nini

Nilizaliwa na kusoma Tanzania, mtoto wa wakimbizi wa mwaka 1972. Wazazi wetu walilima tumbaku. Bei ilipangwa na mnunuzi, na daraja la jani lilipangwa na mnunuzi huyo huyo. Mkulima aliyehoji aliulizwa kama amesahau kwamba yeye ni mkimbizi. Mtu akishaitwa mgeni, jasho lake huwa rahisi.

Tuliporudi nyumbani tulikuta hesabu hiyo hiyo kwa sura nyingine. Katika shule moja niliyofundisha, sisi tuliotoka Tanzania tulilipwa pungufu kwa muda mrefu kwa maelezo kwamba vyeti vyetu bado vinalinganishwa. Walimu wenzetu waliosomea hapa, abasangwa, walituonea huruma lakini walinyamaza, kwa kuwa bahasha zao zilikuwa kamili. Baadaye makato yasiyoeleweka yaliwafikia na wao. Walipotuita tuandike barua ya pamoja, baadhi yetu walisema kila mtu abebe mzigo wake. Barua haikuandikwa, na makato yaliendelea.

Huo ndio ugonjwa ambao Makhan Singh aliuona Nairobi mwaka 1935. Fundi hakosi haki yake kwa sababu hana hoja. Huikosa kwa sababu jirani yake katika kazi ameaminishwa kwamba hoja hiyo haimhusu. Kule walitumia rangi. Hapa kwetu hutumika kabila, mkoa, aliyebaki na aliyerudi, aliyesoma Kifaransa na aliyesoma Kiswahili.

Kazi haijaisha. Hapa Burundi, agizo la mwaka 1988 lilipanga kima cha chini kuwa faranga 160 kwa siku mijini, na kwa miaka mingi baadaye COSYBU iliendelea kudai kirekebishwe wakati bei za sokoni zilishakikimbia zamani. Mtumishi wa nyumbani anaamka kabla ya mwenye nyumba na kulala baada yake. Mlinzi wa usiku anahesabiwa siku, hahesabiwi saa. Hao hawajawahi kuonja zile saa nane.

Tukitaka kumuenzi mpiga chapa huyu, tuanze na mambo madogo aliyoyafanya yeye. Andika saa unayoingia kazini na saa unayotoka. Tunza kila stakabadhi ya mshahara. Lipa ada ya chama, na dai kuonyeshwa matumizi yake. Na chama chako kinapoitisha mkutano, hakikisha yule anayefagia ofisi na yule anayelinda lango wamepewa taarifa, kwa lugha wanayoielewa.